Obiti asili na obiti ya baadaye: kometi hairudi kwa njia iliyojia

Oktoba 2024 kometi (nyota yenye mkia) C/2023 A3 (Tsuchinshan–ATLAS) ilionekana kwa macho upande wa magharibi, mara tu giza lilipoingia. Uganda ulikuwa msimu wa mvua, na mahali mawingu yalipotanda picha za kwenye simu ndizo zilizobaki. Nyingi zilisambaa na maneno yale yale: ilipita mara ya mwisho miaka 80,000 iliyopita. Namba hiyo ilitokana na hesabu za mwanzo. Vipimo vilipoongezeka, obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, ilionekana iko ukingoni kabisa, pale ambapo kurudi na kutorudi hutenganishwa na kitu kidogo mno. Hata hivyo, tatizo kubwa si namba. Ni dhana kwamba kometi ina kipindi kimoja, yaani muda mmoja wa kulizunguka Jua, cha kuja na cha kurudi.

Kometi ya kipindi kirefu ni ile inayotumia zaidi ya miaka 200 kulizunguka Jua. Obiti asili ni njia iliyokuwa ikiifuata kabla ya kuingia eneo la sayari. Obiti ya baadaye ni njia itakayoifuata ikishatoka. Katikati kuna obiti tunayoipima sisi, nayo hubadilika siku hadi siku kwa sababu sayari huivuta kometi, Mshtarii kuliko zote. Kwa hiyo kipindi kinachosomwa kometi ikiwa karibu na Jua hakisemi ilikotoka wala inakokwenda.

Ili kuipata obiti asili, wataalamu hukusanya vipimo vya mahali kometi ilipoonekana, kisha kompyuta huirudisha nyuma hatua kwa hatua huku ikihesabu mvuto wa kila sayari, mpaka iwe mbali, kwa kawaida mara 250 ya umbali wa Dunia na Jua. Hapo obiti hupimwa kutoka kitovu cha uzito cha mfumo mzima, si kutoka kwenye Jua, kwa kuwa Jua lenyewe huyumbishwa na Mshtarii. Obiti ya baadaye hupatikana vivyo hivyo, kwa kwenda mbele.

Kazi ni ngumu kwa sababu tunaona kipande kifupi tu cha safari. Ni kama kuliona basi likipita Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, kisha utakiwe kusema limetoka Masaka, Kabale au Kigali. Na vipimo vyenyewe havisamehe. Kometi ikiwa umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua, huenda karibu kilomita 42 kwa sekunde. Ile itakayorudi baada ya miaka milioni 2.8 na ile isiyorudi kamwe hutofautiana mwendo kwa takriban nusu mita kwa sekunde. Mtu anayetembea polepole huenda kasi kuliko hiyo!

Kometi Hale-Bopp inaonyesha vizuri. Ilipokuwa njiani kuja, kipindi chake kilikuwa karibu miaka 4,200. Aprili 1996 ilipita karibu na Mshtarii, na obiti yake ikafupishwa: itarudi baada ya miaka 2,400 hivi. C/1980 E1 (Bowell) ilipatwa na kinyume chake. Ilikuja kwa obiti ya mamilioni ya miaka, Desemba 1980 ikapita karibu na Mshtarii, ikaongezwa mwendo na sasa inatoka moja kwa moja kwenye mfumo wetu.

Obiti asili ndizo zilizomwezesha mwanaastronomia Jan Oort, mwaka 1950, kusema kwamba kometi hizi hutoka kwenye wingu kubwa la kometi linalolizunguka Jua kwa mbali sana. Alitumia kometi 19 tu. Angetumia obiti za karibu na Jua, asingeliona wingu hilo, maana sayari zingekuwa zimeshavuruga ushahidi.

Barafu ya kometi ikipata joto hutoa gesi, na gesi huisukuma kometi kidogo. Kwa hiyo msukumo huo nao huingizwa kwenye hesabu panapowezekana. Kwa safari za mamilioni ya miaka kuna nyota pia. Gliese 710, kwa mfano, itapita karibu na Jua baada ya miaka milioni 1.3 hivi, ikivuta kometi za wingu la Oort. Ndiyo maana siku hizi wanaofuatilia kometi za mbali hutegemea sana vipimo vya nyota vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Gaia.