Kuzimwa mitambo sio njia pekee

Wengi bado wanaamini uhuru wa habari unavunjwa tu serikali ikizima mitambo, kama Kenya 30 Januari 2018, runinga za Citizen, NTV na KTN zilipozimwa kiongozi wa upinzani Raila Odinga akiapishwa na wafuasi wake kama "rais wa wananchi" Uhuru Park, na Kifungu cha 34 cha Katiba kinacholinda uhuru wa vyombo vya habari kipo. Ile ilikuwa mbaya kweli. Lakini jamani fungua gazeti kurasa za ndani, utakuta ukurasa mzima wa zabuni ama tangazo la wizara, hizo ndo zinasaidia kulipa mishahara maana hela ya kuuza kopi haitoshi, na 2015 matangazo ya serikali yaliwekwa chini ya ofisi moja, sasa mhariri akifikiria hiyo hela ya matangazo, stori inayoikera serikali inaondolewa kimyakimya, bila askari yeyote mlangoni.