Kondo la nyuma likigoma kutoka

Mtoto ameshalia, amekaushwa, yuko kifuani kwa mama. Kondo la nyuma bado. Tunahesabu dakika 30 tangu mtoto azaliwe. Zikipita, tunasema limebaki. Namba hiyo kila anayefanya kazi leba anaijua. Kinachosahaulika ni kwamba inamhusu mama asiyetoka damu nyingi. Anayevuja damu dakika ya 10 hasubirishwi mpaka ya 30, huyo anahudumiwa papo hapo.

Wakati mwingine shida huanzia kwenye dawa. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 huchomwa kwenye msuli wa paja ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, mkishahakikisha hakuna pacha aliyebaki tumboni. Dawa hiyo inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Kwa joto la Lindi la mwezi Desemba, ampuli zilizoshinda siku kadhaa kwenye trei ya dirishani hupoteza nguvu, na mnaweza kudhani mmechoma dawa kumbe hamna kitu. Kama friji ya chanjo ndiyo pekee inayofanya kazi pale zahanati, ombeni nafasi humo.

Kisha kitovu, yaani kamba inayoning'inia kutoka kwenye kondo. Kivutwe polepole mfuko wa uzazi ukiwa umekaza, huku mkono wa pili ukiusukuma mfuko kwenda juu, kutokea palepale juu ya mfupa wa kinena. Ukivuta mfuko ukiwa laini, kitovu kinaweza kukatikia mkononi, au mfuko wenyewe ukageuka nje-ndani, na hapo mama huzimia haraka. Kuna bibi wa kutoa ushauri mlangoni: mama apulize chupa, akandamizwe tumbo. Mshukuruni, mpeni mtoto amshike. Tumbo lisikandamizwe.

Nusu saa ikikaribia, angalieni kibofu kwanza. Kikijaa huzuia mfuko kukaza vizuri, na wakati mwingine mpira wa mkojo peke yake humaliza kesi. Ongezeni oksitosini yuniti 10, jaribuni tena kuvuta kwa utaratibu. Ajometrini msiitumie hapa: inaukaza mfuko kwa mkupuo, mlango wa kizazi nao unabana, kondo linafungiwa ndani.

Likikataa, litolewe kwa mkono, na aliyefundishwa. Kabla ya kuingiza mkono, mama awe na kanula nene (mrija wa dripu mshipani), ikiwezekana mbili, dripu ya Ringa au maji ya chumvi inatembea, na amepata ampisilini, dawa ya kuzuia maambukizi, gramu 2 kwenye mshipa, dozi moja. Maumivu yatulizwe: pethidini na diazepamu zichomwe polepole, kila moja na bomba lake, au ketamini pale penye mtu anayeimudu. Kumwambia mama avumilie tu ni ukatili, na pia mama anayejikaza kwa maumivu hamuwezi kumfanyia kazi salama.

Glavu iwe ndefu, ifike kwenye kiwiko. Kitovu kinabanwa na kunyooshwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili, vidole vimekusanywa kama vya mtu anayeingiza mkono kwenye bangili finyu, unafuata kitovu mpaka kwenye kondo. Ukifika, kiachieni kitovu, mkono ule wa nje uje juu ya tumbo kuushikilia mfuko usikimbie. Tafuteni ukingo wa kondo. Vidole vibaki vimeshikana, na ubavu wa mkono utenganishe kondo na ukuta taratibu, kuzunguka pote, mpaka lote liwe kiganjani. Ndipo litoke mara moja, si vipandevipande.

Likiwa limenasa na hamwoni mpaka kati yake na ukuta, simameni. Huenda limeota ndani ya msuli, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi. Kulichokonoa huko kunafungua damu ambayo zahanati haiwezi kuizuia. Huyo ni wa chumba cha upasuaji, na huenda mfuko ukalazimika kutolewa. Pigeni 115, namba ya usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi, mapema, maana njia za vumbi za Liwale mvua zikikolea hazijali haraka ya mtu. Aondoke na dripu, mpira wa mkojo, mhudumu wa kumsindikiza na ndugu wawili watatu wanaoweza kutoa damu. Akiwa anavuja, mpeni asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10 kwenye mshipa, kabla saa 3 hazijapita tangu ajifungue.

Kondo likitoka, litandazeni chini ya taa. Upande wa mama vipande vyake vikae pamoja bila pengo. Kwenye utando, fuateni mishipa: unaokimbilia ukingoni na kukatika ghafla unaonyesha kuna kondo dogo la pembeni lililobaki ndani. Oksitosini yuniti 20 kwenye lita moja ya dripu, matone 60 kwa dakika, na mfuko uchuliwe mpaka uwe mgumu. Presha, mapigo na damu viangaliwe kila nusu saa kwa saa 6. Kanga huficha damu, kwa hiyo mfunueni mama, muangalie hadi chini ya mgongo. Akienda nyumbani awe na FEFO zake (vidonge vya kuongeza damu), na ndugu waambiwe: homa, uchafu wenye harufu au damu iliyorudi kwa wingi, arudi siku hiyohiyo.