Je, Wajua Wanasayansi Husikilizaje Jua?

Mwanafizikia wa Jua anapozungumza na umma, mara nyingi huwachezea watu rekodi fupi ya mngurumo mzito na kusema hiyo ni sauti ya Jua. Wengi huondoka wakiamini kuna chombo angani chenye maikrofoni. Maikrofoni hiyo haipo. Kati yetu na Jua kuna takriban kilomita milioni 150, na gesi iliyomo humo ni haba mno kubeba sauti. Hata ingefika, tusingeisikia: mawimbi makuu ya Jua huchukua kama dakika 5 kukamilisha mtikiso mmoja, ilhali sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitikiso kama 20 kwa sekunde. Kinachochezwa ni vipimo vilivyoharakishwa makumi ya maelfu ya mara.

Lakini si uzushi. Mtikisiko ni wa kweli, ila hupimwa kwa mwanga. Sehemu ya uso wa Jua ikipanda kutuelekea, rangi ya mwanga wake husogea kidogo upande wa buluu. Ikishuka, husogea upande wa nyekundu. Mwanafizikia Robert Leighton na wenzake waliugundua mtikisiko huo kwa njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye kituo cha darubini cha Mount Wilson, California.

Ukigonga debe, mlio wake hukuambia limejaa au ni tupu kabla hujalifungua. Jua hujigonga lenyewe. Gesi inayotokota chini ya uso huzua mawimbi ya sauti yanayozama ndani. Kadiri yanavyozama hukuta joto kali zaidi, huongeza kasi, hupinda na kurudi juu. Yakifika karibu na uso hurudishwa ndani tena. Mengine huzama kidogo, mengine mbali sana, na kila moja hutoka na habari za kina lilichofikia. Ndivyo ilivyopimwa kwamba tabaka linalotokota hukoma karibu theluthi moja ya njia kutoka usoni kwenda katikati. Kiini chenyewe ni kigumu zaidi kupimwa, maana mawimbi machache tu hukifikia, na kasi ya mzunguko wake ingali inabishaniwa.

Kwa kuwa usiku hukatiza vipimo, mtandao wa darubini za Jua uitwao GONG ulianza kazi mwaka 1995 ukiwa na vituo sita duniani ili Jua lisipotee machoni.

Linalonistaajabisha kuliko yote ni kwamba mawimbi haya hupita pia upande wa Jua tusiouona. Yakikuta huko kundi kubwa la madoa (sehemu zenye giza kwenye uso wa Jua), muda wa safari yao hubadilika kidogo, na kundi hilo hutambuliwa siku kadhaa kabla Jua halijazunguka na kulileta upande wetu.