Kwa nini maktaba nyingi za miji midogo ya Marekani zilianzia kwenye klabu za wanawake?

Ukiuliza nani alizijenga maktaba za umma za Marekani, wengi watakutajia Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma aliyetoa fedha za majengo zaidi ya 1,600 nchini humo. Si uongo, ila hadithi hiyo inaanzia katikati. Carnegie alilipia majengo. Katika miji mingi midogo, kabla ya barua ya kumwomba fedha haijaandikwa, tayari palikuwa na vitabu, rafu, daftari la wakopaji na mtu wa kukaa mezani kuviazimisha. Waliofanya hayo walikuwa wanawake wa klabu ya mji, na hawakulipwa. Kuna makadirio yanayotajwa sana kwamba robo tatu ya maktaba za umma za nchi hiyo zilianzishwa na klabu hizi. Hata wanaoona kuwa kiwango hicho kimezidishwa wanakubali kwamba sehemu yao ni kubwa.

Sasa kwa nini wao? Hawakuwa na haki ya kupiga kura, hawakukaa kwenye baraza la mji, na wengi hawakuwa na mshahara.

Jibu ni kwamba hawakukusudia kujenga maktaba. Walikusudia kusoma. Mwanamke aliyekuwa na miaka 40 katika mwaka 1880 alikuwa amekulia katika nchi ambayo vyuo vya kumpokea vilikuwa vya kuhesabika. Aliolewa, akalea, na watoto walipokua akabaki na kiu ya elimu isiyo na pa kwenda. Katika mji wa Kalamazoo, jimboni Michigan, wanawake waliunda chama chao cha maktaba mapema kabisa, mwaka 1852, na kufikia 1879 walikuwa na jengo lao wenyewe, mojawapo ya majengo ya kwanza nchini kujengwa kwa ajili ya klabu ya wanawake. Klabu iliyovuma zaidi ni Sorosis ya New York. Mwaka 1868 chama cha waandishi wa habari kiliandaa karamu ya kumkaribisha Charles Dickens, mwandishi wa riwaya kutoka Uingereza, na mwandishi Jane Cunningham Croly na wenzake wakawekewa vikwazo kwa sababu ni wanawake. Croly akaanzisha klabu ya wanawake watupu. Mwaka 1890 klabu kutoka pande mbalimbali ziliungana kuwa shirikisho la kitaifa, na kuanzia hapo hata miji yenye watu mia chache ilikuwa na klabu yake.

Tazama kikao kilivyokwenda, kwa sababu humo ndimo maktaba ilimozaliwa. Kila mwaka klabu ilichapisha kijitabu cha ratiba: tarehe, jina la mwenyeji na mada ya siku. Mada zilikuwa nzito, tamthilia za Shakespeare, historia ya Venice, sanaa ya Italia. Katibu alipoita majina, mwanachama hakujibu "nipo" tu, aghalabu alitakiwa ajibu kwa kunukuu mstari wa mwandishi anayesomwa siku hiyo. Kisha aliyepangiwa mada alisimama na kusoma insha aliyoiandika mwenyewe, na wenzake wakamhoji.

Fikiria basi kwamba wewe ni mke wa mwenye duka katika mji wa reli, umepewa miezi michache uandike kuhusu Venice, na mjini hakuna kitabu hata kimoja kinachoitaja. Utapata wapi? Klabu zikaanza kuchanga ada na kununua vitabu kwa pamoja, vikahifadhiwa kwenye kabati nyumbani kwa mwanachama mmoja au katika chumba cha kupanga juu ya duka. Vilipoongezeka, ikaonekana ni dhambi kuvifungia. Wakafungua mlango kwa wakazi wote mchana mmoja au miwili kwa wiki, wakipokezana zamu ya kukaa mezani. Ili kuongeza vitabu, waliandaa tafrija ambazo kiingilio chake kilikuwa kitabu kimoja. Maktaba ya mji, kwa maneno mengine, ilizaliwa kutokana na mazoezi ya shule ya watu wazima.

Lakini kabati la vitabu halitoshi kuelezea yote. Kilichobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, ni utaratibu wa vikao. Mwaka 1876 Henry Robert, ofisa wa jeshi, alitoa mwongozo wa namna ya kuendesha mikutano, na klabu za wanawake zikaushika kwa bidii. Mtu ambaye hakuwahi kusema mbele ya umati alijifunza kutoa hoja, kuiunga mkono, kuhesabu kura, kuandika kumbukumbu na kusoma taarifa ya mweka hazina. Walionyimwa sanduku la kura walikuwa wakipiga kura kila baada ya wiki mbili sebuleni. Ukishakuwa na watu thelathini wanaojua kuunda kamati, kuipa tarehe ya kuleta ripoti na kuibana isipoleta, unaweza kufanya karibu lolote.

Hapo ndipo Carnegie anapoingia, maana masharti yake yalihitaji watu wa namna hiyo. Mji ulipaswa kutoa kiwanja, na baraza lake kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya msaada kwa ajili ya uendeshaji. Mji uliopewa dola 10,000 ulitakiwa kutenga dola 1,000 kila mwaka, bila kikomo. Madiwani wengi waligoma kupandisha kodi kwa ajili ya vitabu. Wanawake wa klabu wakapita nyumba kwa nyumba na karatasi za sahihi, wakauza keki, wakaandaa michezo ya kuigiza na chakula cha jioni cha kulipia, wakanunua kiwanja, kisha wakaenda kikao baada ya kikao kuwasihi wanaume wapige kura ambayo wao hawakuruhusiwa kuipiga. Mara nyingi mji ulipokabidhiwa maktaba, bodi yake ilijaa wanaume.

Mashambani klabu zilipeleka vitabu ndani ya masanduku. Sanduku lililojaa vitabu lilikaa kwa miezi kadhaa posta, dukani au nyumbani kwa mtu, kisha likabadilishwa na jingine. Shirikisho la klabu za jimbo la Kentucky lilifikisha masanduku hayo hadi kwenye vijiji vya milimani.

Kazi nyingine inayonigusa sana ni vyumba vya mapumziko. Siku za kuja mjini, mkulima alifunga farasi na kwenda kwenye shughuli zake, mahakamani, benki, kwenye duka la zana. Mkewe alibaki ndani ya gari la farasi, juani au kwenye baridi, na mtoto mchanga mapajani, kwa saa kadhaa. Hakukuwa na mahali pa heshima pa kunyonyeshea wala choo cha wanawake. Klabu zilipanga chumba karibu na mahakama, zikaweka viti vya bembea, kitanda cha mtoto, maji, choo, na bila shaka rafu ya vitabu. Huko Lewisburg, Tennessee, lilijengwa jengo zima kwa kazi hiyo mwaka 1924. Ni jambo dogo kwenye bajeti ya kaunti, na bado wanaume waliotawala kaunti hawakuwa wameliona kuwa tatizo.

Kutoka hapo zikasogea mbele: maziwa salama, takataka, viwanja vya michezo. Klabu zilikuwa miongoni mwa waliolisukuma bunge hadi likapitisha sheria ya usafi wa vyakula na dawa ya 1906. Shirikisho lenyewe, ambalo kwa miaka mingi liliogopa kugusa suala la kura ya wanawake, liliunga mkono mwaka 1914, na katiba ikabadilishwa mwaka 1920.

Historia hii ina doa ambalo halifai kufunikwa. Mwaka 1900, kwenye mkutano mkuu wa shirikisho mjini Milwaukee, Josephine St. Pierre Ruffin alifika akiwakilisha vyama vya wanawake wazungu pamoja na klabu ya wanawake weusi aliyoianzisha mwenyewe Boston. Akaambiwa anaweza kuingia kwa niaba ya wazungu, ila si kwa niaba ya klabu yake. Alikataa. Wanawake weusi tayari walikuwa wameunda chama chao cha kitaifa mwaka 1896 chini ya Mary Church Terrell, wakiendesha shule za chekechea, makazi ya wazee na nyumba za wasichana waliohamia mijini kutafuta kazi. Walifanya hivyo katika nchi ambayo maktaba nyingi za Kusini, zikiwemo zilizopiganiwa na klabu za wazungu, ziliwafungia milango.

Klabu nyingi zilipungua nguvu wanawake walipoingia kwa wingi kwenye ajira. Kikao cha saa nane mchana siku ya Jumatano hakiwezekani kwa mtu aliye kazini. Nyingine zilihamia jioni na zingali hai, na shirikisho lao bado lina makao makuu Washington.

Anayetaka kuandika historia ya klabu ya mji wake hukutana na tatizo moja mapema sana. Madaftari ya kumbukumbu mara nyingi yapo, yameandikwa kwa mkono safi, kila senti imehesabiwa. Lakini wanachama wameandikwa kwa majina ya waume zao: Bi. fulani, na fulani huyo ni mwanamume. Ili kujua mwanzilishi wa maktaba aliitwa nani hasa, mtafiti hulazimika kwenda kwenye rejista za sensa, vyeti vya ndoa na mawe ya makaburini, na kumtafuta mmoja baada ya mwingine.