Mhadhara wa kumbukumbu sio hotuba ya msibani

Juzi kwenye grupu letu la watu wa mitambo kuna ndugu alituwekea maelezo ya Charles Parsons, yule mhandisi wa turbaini ya mvuke, yaani mtambo unaozungushwa na nguvu ya mvuke, kayatafsiri mwenyewe na kayatafsiri vizuri, nasoma huku nafurahi mpaka nikafika aya ya mwisho nikakuta "mwaka 1942 Sir Stanley Goodall alitoa hotuba kwenye msiba wa Parsons". Nikarudia kusoma. Parsons kafariki Februari 1931, akiwa safarini melini kule Jamaica. 1942 ni miaka 11 baadaye, vita kuu ya pili imepamba moto, hakukuwa na msiba wowote. Kilichokuwepo ni mhadhara wa kumbukumbu, na hili neno naona linatusumbua wengi, maana hata mwezi uliopita nilikuwa kwenye arobaini ya jirani, MC akashika maiki akasema "sasa tunaingia kwenye mhadhara wa kumbukumbu ya marehemu", akasimama mtoto mkubwa akasoma karatasi, kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaacha watoto na wajukuu wangapi. Ule ni wasifu wa marehemu jamani, na ukiandikwa gazetini unaitwa taazia. Vyote vina heshima yake, ila sio mhadhara.

Maana yake ni fupi tu. Mhadhara wa kumbukumbu ni mhadhara wa kitaaluma unaotolewa kila baada ya muda kwa jina la mtu aliyefariki, anaalikwa mtu aliyebobea kwenye fani ya yule marehemu, na anachozungumzia ni fani. Basi.

Sasa tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe, mhadhara. Kwa watu wa rika langu waliokulia Dar, ukisema mhadhara kichwani inakuja ile mihadhara ya dini ya viwanjani, spika mbili, meza, vitabu juu ya meza, na watu wamejaa mpaka barabarani. Kwa aliyepita chuo ni lile darasa kubwa la watu mia tatu. Na kuna wengine, hili ndo huwa linaniuma zaidi, wanalichanganya na mihadarati, nimeshaona tangazo limeandikwa "vita dhidi ya mihadharati", na dh kabisa ndani yake! Haya maneno hayana undugu hata wa mbali. Mihadarati imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufa ganzi, kupotewa na hisia, ile kh ya mwanzo sisi tukailainisha ikawa h. Mhadhara umetoka kwenye mzizi mwingine kabisa wenye maana ya kuwepo mahali, na watoto wa mzizi huo tunao tele: hudhuria, mahudhurio, hadhira, hadharani, mkutano wa hadhara. Kwahiyo moja ni mtu kufa ganzi na nyingine ni mtu kuwepo, na kuwepo kwa akili zote. Halafu kuna hadhari na tahadhari, hizo nazo zinafanana kwa sauti tu, mzizi wake ni wa kujilinda, msizitie humu.

Kuna kitu kingine kwenye umbo la neno ambacho mimi nakipenda sana. Angalia mjadala, angalia mkataba, angalia mhadhara. Hiyo m ya mwanzo kwenye yote matatu imetoka kwenye mu ya Kiarabu, na umbo hilo kule kwao kwa kawaida ni la vitendo vya watu kushirikiana. Mjadala huwezi kuufanya peke yako, mkataba huwezi kuwekeana na nafsi yako, na mhadhara pia hauwezi kuwa mhadhara kama hakuna waliohudhuria wanaojua kinachosemwa. Hotuba ni tofauti. Hotuba ndo ileile hutuba ya Ijumaa, anayeitoa ni khatibu, na uzito wake uko kwa anayesema, yeye anasimama anahutubia na sisi tunapokea. Ndo maana rais anahutubia taifa, hatoi mhadhara kwa taifa. Mhadhara uzito wake uko kwenye ule mkusanyiko, watu wa fani moja wako pamoja na jambo lao liko mezani.

Na kumbukumbu nayo tunaionea kwa kudhani ni neno la kilio. Ni kumbuka iliyorudiwa tu, na kila siku tunasema kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za ofisi, hakuna anayelia pale. Ni kitu kinachowekwa ili kazi isianze upya kila mara.

Turudi kwa Parsons, maana ukiijua kazi yake utaona kwanini walimkumbuka kwa mhadhara. Kazaliwa London 1854, kakulia Ireland, na maisha yake ya kazi yakawa kando ya mto Tyne kaskazini mashariki mwa Uingereza, eneo la viwanda vya meli. Injini za meli enzi hizo zilikuwa za pistoni, chuma kizito kinapanda kinashuka, chombo kizima kinatetemeka. Mwaka 1884 akiwa kiwandani Gateshead yeye akatengeneza mtambo mwingine, mvuke unapita kwenye safu nyingi za mapanga madogo, kila safu inachukua nguvu yake kidogo, na mhimili unazunguka tu, kama mara 18,000 kwa dakika. Huo ulikuwa wa kuzalisha umeme, na mpaka leo mvuke unaotoka ardhini kule Olkaria, Kenya, unazungusha turbaini ndo upate umeme.

Akataka kuuweka melini. 1894 akaunda kampuni na kuanza kujenga chombo cha majaribio, kikaitwa Turbinia, urefu kama mita 31 na upana haufiki mita 3, chembamba kama mtumbwi. Majaribio ya kwanza yalimvunja moyo kwasababu pangaboi lilizunguka kwa kasi mno mpaka maji yanayoligusa yakageuka mapovu, likawa linakata utupu badala ya kusukuma maji. Hakuongeza tu nguvu ya boila akaomba Mungu, alitengeneza tangi dogo na taa ya kumulika kwa kuwakawaka, akakaa anatazama mapovu yanavyozaliwa kwenye pangaboi dogo, kisha akabadilisha mpangilio mzima: shafti tatu, kila shafti mapangaboi matatu, jumla tisa. Tarehe 26 Juni 1897 kwenye gwaride la manowari pale Spithead, la miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Turbinia ikapita kati ya safu za meli kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa, na boti za doria hazikuweza kuikamata. Miaka tisa baadaye manowari Dreadnought ikatoka na turbaini, na 1907 meli ya abiria Mauretania nayo ikaanza safari zake ikiwa na turbaini, ikaja kushikilia rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki kwa takriban miaka 20.

Sasa mtu wa namna hii unamkumbukaje? Kumsifu walimsifu akiwa hai, hata nishani kubwa alipewa. Wenzake wakaanzisha Mihadhara ya Kumbukumbu ya Parsons, na huyo Goodall wa 1942 alikuwa ndiye mkuu wa usanifu wa manowari za Uingereza, mtu mwenye kazi yake mkononi na vita inaendelea, na mada yake ilikuwa Parsons na jeshi la majini la Uingereza. Hapa ndipo ndugu yetu alipoteleza na namwelewa, jina la marehemu limo mpaka kwenye mada, unaona kama ni mtu anamlilia mtu. Lakini hapo anazungumza msanifu wa manowari na wahandisi wenzake kuhusu mtambo uliobadilisha manowari, na kule kwenye hadhira wamo watu wanaoshinda na mitambo hiyohiyo.

Kando ya mto huohuo wa Tyne alikuwepo Andrew Laing, mhandisi aliyeongoza kiwanda cha Wallsend Slipway kilichotengeneza mitambo ya Mauretania. Bodi ya meli ilijengwa na Swan Hunter, mitambo ni ya kina Laing, watu huwa wanasahau kwamba mjenzi wa meli na mhandisi wa mitambo yake sio lazima awe mmoja. Naye kafariki 1931 hiyohiyo, na taasisi ya wahandisi na wajenzi wa meli ya pwani ile ya kaskazini mashariki ikawa na mhadhara wenye jina lake. Mto mmoja, mwaka mmoja wa kufiwa, na wote wawili wakakumbukwa kwa watu kukaa kitako kuongelea injini.

Na sio jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani nafasi ya uprofesa yenye jina lake, na 2009 mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka alikuja kutoa mhadhara pale. Hakuna aliyesema Soyinka kaja msibani kwa Mwalimu, tulielewa kabisa kwamba kigoda kile ni cha umajumui wa Afrika na mgeni kaja kwa ajili hiyo. Uelewa tunao, tunapoteza pale tunapotafsiri haraka.

Kwahiyo ndugu yangu, tafsiri yako ni nzuri na usiifute, badilisha sentensi ile moja tu iwe "mwaka 1942 Sir Stanley Goodall alitoa Mhadhara wa Kumbukumbu ya Parsons". Na MC wetu wa arobaini, nitamtafuta kwa upole, siku nyingine aseme tu "sasa tutasomewa wasifu wa marehemu".