Je, wajua kwa nini watu 1,000 wanatosha kusemea nchi nzima?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na kati yao 1,889,773 wako Zanzibar. Ukitaka kukadiria ni asilimia ngapi wanapikia gesi, utadhani kwa nchi nzima itabidi uhoji watu mara 30 zaidi ya utakaowahoji Zanzibar. La hasha. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa usahihi uleule kote kuwili.

Mnunuzi wa mahindi analijua hili vizuri. Anachoma bambo kwenye gunia, anazitazama punje kiganjani, anaamua. Ghala liwe na magunia mia au elfu kumi, cha muhimu ni punje ngapi amezitoa, na je, alichoma huku na kule au aliishia kwenye magunia ya mlangoni.

Tuseme kati ya 1,000, waliojibu ndiyo ni 520, yaani 0.52. Zidisha 0.52 kwa 0.48, gawanya kwa 1,000, tafuta kipeuo cha pili: karibu 0.0158. Zidisha kwa 1.96, unapata 0.031. Ndiyo ile “asilimia 3 juu au chini” inayotajwa haraka haraka redioni. Kwa hiyo kadirio ni kati ya asilimia 48.9 na 55.1, na huwezi kusema kwa uhakika kuwa zaidi ya nusu wanatumia gesi. Idadi ya watu wa nchi haikuingia popote kwenye hesabu. (Ingeingia kama ungehoji, tuseme, wanafunzi 300 wa shule yenye 500.)

Hiyo 1.96 ndiyo inayoleta “uhakika wa asilimia 95”, na hapa wengi huteleza, hata waandishi wa habari. Jerzy Neyman, mwanatakwimu wa Poland aliyeieleza njia hii mwaka 1937, alikuwa anaisemea njia yenyewe: ukirudia utafiti mara nyingi, kila mara na watu wapya, mipaka utakayopata itaizingira asilimia ya kweli takriban mara 95 katika kila 100. Huu wako mmoja ama umeipata ama umeikosa.

Ukitaka kupunguza ile 3.1 iwe nusu, sharti uhoji watu 4,000. Ghali mno, ndiyo maana watafiti wengi huishia 1,000 au 2,000.

Lakini wingi hauponyi uchaguzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Kwa hesabu yetu, mipaka yake isingefika hata asilimia 0.1 kila upande. Likatangaza kuwa Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akazoa zaidi ya asilimia 60, Landon akaambulia majimbo mawili. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, katikati ya mdororo wa uchumi, na wengi waliopokea kadi hawakuzirudisha. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni aliyehoji takriban watu 50,000, alisema mapema kuwa mshindi ni Roosevelt.