Sharti juu ya maandishi: kwa nini "Ndiyo" si "ndiyo"

Katika Python, lugha ya kuandikia programu, maandishi ni chochote kilichofungwa ndani ya alama za kunukuu. 255 ni namba, lakini "255" ni maandishi: herufi tatu zilizopangana, basi. Wanaoanza hujikwaa hapa mapema, kwa sababu input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akiandika umri wake. Linganisha "10" na "9" bila kuzipitisha kwenye int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, utaambiwa "10" ndiyo ndogo, maana huanza kutazamwa herufi ya kwanza, na 1 hutangulia 9.

Sharti nalo ni swali lenye majibu mawili tu, kweli au si kweli. Tuseme programu inamuuliza mteja kama anakubali kulipa:

jibu = input("Unakubali? ")
if jibu == "ndiyo":
    print("Asante, malipo yamepokelewa")
else:
    print("Malipo yamesitishwa")

(Alama mbili za usawa hulinganisha, moja huweka thamani.)

Mteja akiandika "Ndiyo" kwa N kubwa, malipo yanasitishwa. Akiacha nafasi mwishoni, vilevile. Kwa kompyuta, N na n hazina undugu: katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake, ya kwanza ni 78, ya pili ni 110. Kwa hiyo maandishi husafishwa kabla ya kuwekewa sharti:

jibu = input("Unakubali? ").strip().lower()

strip() hukata nafasi za mwanzoni na mwishoni, lower() hugeuza herufi zote kuwa ndogo.

Bado kuna wanaoandika "ndio". Wengi hukimbilia hivi:

if jibu == "ndiyo" or "ndio":

Inasomeka vizuri, na ndiyo hatari yake: hata aliyejibu "hapana" atatozwa. Python huona maswali mawili hapo. La kwanza, je, jibu ni sawa na "ndiyo"? La pili ni "ndio" peke yake, halijalinganishwa na kitu, na maandishi yoyote yasiyo matupu Python huyahesabu kuwa kweli; na kwa or ("au"), moja likiwa kweli latosha. Programu itaendelea kama kawaida, bila ujumbe wowote wa kosa. Andika hivi:

if jibu in ("ndiyo", "ndio"):

Na kwenye mambo ya pesa, else, yaani tawi la "vinginevyo", ibebe upande wa kutotoza. Aliyekosea akaandika "ndyo" ni afadhali arudie kujibu kuliko akatwe hela ambayo hakuikubali.